Mdogo wangu alizoea saa za China kwa wiki moja, mimi lindo la usiku Kampala miaka sita bado. Kwa nini?

Askari_wa_Geti (Kireka)

Wadau, habari za saa hizi. Kwangu saa hizi ni saa nane mchana, nimeamka bila kupenda, shuka limenigandia mgongoni, bati linatema moto na jirani anatwanga njugu ukutani kwangu. Nililala saa tatu asubuhi. Pigeni hesabu.

Ni askari wa kampuni ya ulinzi, nalinda bohari upande wa viwandani hapa Kampala. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, yaani kama mwenzangu wa mchana hakuchelewa, na huchelewa. Siku sita kwa wiki, mwaka wa sita huu. Siku ya saba nageuka mtu wa mchana kama watu wengine: kanisani, watoto, nguo za kufua. Kesho yake lindo.

Sasa swali. Mdogo wangu amefuatana na tajiri wake kwenda Guangzhou kuchukua mzigo. Siku tatu za kwanza alinipigia simu analalamika hapati usingizi, njaa inamjia saa za ajabu, kichwa kizito kama amekunywa. Wiki haikuisha, mzima kabisa. Mimi usiku wangu ni uleule miaka yote hii na mwili haujakubali. Ikifika saa kumi alfajiri nasinzia nimesimama, mgongo kwenye nguzo. Na mwezi huu nimepimwa zahanati nikaambiwa sukari imeanza kupanda, nipunguze soda. Soda sinywi! Nina miaka 34.

Yeye wiki, mimi miaka sita. Anayejua sababu anieleweshe.

Tanboi_Mstaafu (Malaba)

Pole afande. Jibu fupi ni kwamba mdogo wako alikwenda China, wewe umebaki Kireka. Nimemaliza, nileteeni chai.

Lakini hiyo saa kumi alfajiri naijua kwa jina. Nimekuwa tanboi, yaani utingo wa lori, miaka tisa kabla ya kushika usukani, Mombasa, Malaba, Kampala, mpaka Elegu. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja tulikuwa tunaiita saa ya shetani. Miti inavuka barabara. Usiku mmoja tunapita Mabira, dereva wangu akakanyaga breki zote, trela likayumba, tukasimama upande upande. Akanigeukia akauliza, "Yule mzee amepita?" Mzee hakuwepo. Palikuwa na barabara na msitu, basi. Shavu lake limejaa mairungi na kifuko kingine kipo mapajani, kwa hiyo msiniambie mairungi inaondoa usingizi. Inauficha tu chini ya kiti.

Mwalimu_wa_Bayo (Arua)

Tanboi amefanya mzaha lakini jibu lenyewe ndilo hilo. Naomba nafasi kidogo, ni somo ninalolipenda.

Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, pale mishipa ya macho yote mawili inapokutana, kuna kifundo kisichofika punje ya mchele. Kina seli kama 20,000 hivi. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Inapanga lini upate usingizi, lini joto la mwili lishuke (hushuka kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja alfajiri, ndiyo saa ya shetani ya Tanboi), lini homoni ya giza iitwayo melatonini imwagike kwenye damu. Saa hiyo inajiendesha yenyewe. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alifungia gizani mmea unaokunja majani usiku, inaaminika ni kifauwongo, hiki ambacho Waganda wanakiita weewumbeko. Bila jua kabisa, majani yaliendelea kufunguka asubuhi na kufunga jioni.

Nimelijaribu hilo na wanafunzi wangu. Tulikiweka kifauwongo kwenye kopo, tukalifungia stoo ya chaki, dirisha tumeziba kwa maboksi. Siku ya pili saa moja asubuhi tukaingia na tochi ya simu tuliyoifunika kitambaa chekundu. Majani yamefunguka! Kijana mmoja kwa furaha akakigusa, kikajikunja chote, jaribio likaishia hapo. Lakini walikuwa wameona.

Tatizo ni kwamba saa ya binadamu haiendi sawasawa na dunia. Kwa wastani mzunguko wake ni saa 24 na dakika kama 11. Ukiiacha peke yake itachelewa kidogo kila siku, kwa hiyo lazima isahihishwe kila siku, na kinachoisahihisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa jua. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana hapo: saa yetu haianzi usiku wa manane watu wamelala, inaanza jua likitoka. Mwili unahesabu hivyohivyo.

Afande, mdogo wako alipotua Guangzhou, saa yake ya kichwani ilikuwa nyuma kwa saa tano. Lakini kila kitu kule kilimsukuma upande mmoja: jua, chakula, makelele, watu. Kwa kawaida mwili husogea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo siku tano, sita, amefika. Wewe unaishi kwa saa za China huku jua ni la Kampala. Kila asubuhi unapotoka getini linakupiga usoni, na saa ya kichwani inasoma: kumekucha, anza siku. Kazi yote uliyoifanya usiku kuisogeza inafutwa njiani kwenye boda. Kisha siku ya saba unaimalizia kabisa. Kwa maneno mengine unapanda ndege Jumatatu na kushuka Jumapili, miaka sita, na hujawahi kufika.

Na sisi wa ikweta ndio tumebanwa zaidi. Ulaya kwenye miezi ya baridi mtu wa zamu anaweza kurudi nyumbani na kulala kabla jua halijatoka. Hapa Uganda jua ni lilelile mwaka mzima, linachomoza kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja au hapo karibu, Januari mpaka Desemba. Halina msimu wa kukusamehe.

Mama_Kikuubo

Mwalimu umenifungua macho. Nimekwenda Guangzhou mara nyingi, na sijawahi kuelewa kwa nini kwenda ni mateso na kurudi ni afadhali. Kwenda, saa tano usiku nipo kitandani natazama dari, maana tumboni kwangu ni saa kumi na mbili jioni na nasikia harufu ya matooke ya nyumbani. Asubuhi saa moja wakala anagonga mlango twende sokoni, kwangu ni saa nane usiku! Safari ya pili nilikubali bei ya mikoba nikiwa nusu nimelala, nikaja kugundua nikiwa Entebbe kwamba nimenunua rangi moja tu. Mia mbili, zote za kijani.

Kurudi nikifika Kampala nasinzia mapema jioni kama kuku, naamka alfajiri, siku mbili tatu imekwisha.

Mwalimu_wa_Bayo (Arua)

Nyabo, pole kwa mikoba. Sababu ni zile dakika 11. Saa inayopenda kuchelewa ni rahisi kuichelewesha kuliko kuiwahisha. Ukienda mashariki unaiambia ilale mapema, inagoma. Ukirudi magharibi unaiambia ichelewe, inashukuru.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila msafiri analifanya, na labda wewe pia. Watu husema ukifika tu, toka asubuhi ukaote jua. Si kila jua la asubuhi. Mwanga unaokupata kabla ya ile saa ya joto la chini la mwili unaisukuma saa nyuma, unaokupata baada yake unaisukuma mbele. Siku ya kwanza Guangzhou, saa mbili asubuhi mwili wako bado upo saa tisa usiku. Jua la wakati huo linakurudisha nyuma, kinyume na unakotaka. Vaa miwani ya jua, kaa ndani, kisha kuanzia saa tano hivi toka ujae jua mpaka mchana. Siku zinazofuata unawahisha kidogo kidogo. Wakala asubiri.

Mzee_wa_Katosi

Watoto wa siku hizi mnaumwa mpaka saa. Mimi nimevua mukene, hawa dagaa, kwa taa ziwani miaka zaidi ya ishirini, usiku kucha, na nipo, meno yote. Babu zetu walilinda ng'ombe usiku. Hakuna aliyekuwa na kifundo cha mchele kichwani.

Nesi_Zamu_Ndefu (Jinja)

Mzee shikamoo. Naomba kukuuliza, mbalamwezi ikiwa pevu mlikuwa mnaingia ziwani?

Mzee_wa_Katosi

Marahaba. Hapana, mwezi ukiwa mkubwa mukene hawaifuati taa. Tunakaa nchi kavu, tunatengeneza nyavu, tunalala.

Nesi_Zamu_Ndefu (Jinja)

Basi mzee ulikuwa na likizo kila mwezi, tena siku kadhaa mfululizo, na aliyeitoa hawezi kubishiwa na meneja. Afande hapa likizo yake ni siku moja ya kufua nguo.

Nami ni wa zamu. Wodini kwetu ni usiku saba mfululizo, unapumzika, unarudi mchana. Usiku wa kwanza na wa pili ndio mbaya kuliko wote. Ile saa kumi alfajiri nahesabu matone ya dripu, nikifika kumi na nne nasahau nilianzia wapi, naanza upya, mara tatu. Siku hizi hesabu yoyote ya dawa wakati huo naiandika kwenye karatasi na mwenzangu anairudia. Sioni aibu. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Ule wa Three Mile Island, Marekani, uliharibika saa kumi alfajiri, 28 Machi 1979. Sisemi usingizi peke yake ndio uliosababisha, kulikuwa na makosa mengine chungu nzima, lakini sitaki kuwa mtu wa kufanya uamuzi mkubwa saa hizo.

Afande, nilichotaka kusema hasa ni kuhusu sukari yako, maana hapo ndipo watu wanakulaumu kwa soda usiyokunywa. Saa ya mwili si moja. Ile ya ubongoni ni mkuu wa kituo tu. Ini lina saa yake, kongosho ina yake, misuli, figo, hata mafuta ya tumboni. Karibu kila seli. Ile ya ubongoni inafuata mwanga, lakini ya ini inafuata sana chakula. Sasa wewe unakula saa ngapi lindo?

Askari_wa_Geti (Kireka)

Musawo, nakula saa nane usiku. Posho (ugali) na maharage kutoka nyumbani, kopo la kilo mbili. Ndiyo inayoniweka macho. Nikitoka asubuhi rolex moja, chapati ya mayai, na chai, nalala.

Nesi_Zamu_Ndefu (Jinja)

Nilijua. Saa nane usiku kongosho lako limelala hata kama wewe umesimama na rungu. Insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, inatoka kwa uvivu, misuli haipokei sukari kama inavyopokea asubuhi, kwa hiyo posho ileile ambayo saa saba mchana ingepita salama, usiku inakaa kwenye damu muda mrefu. Ukifanya hivyo kila siku, ini linaanza kuamini kuwa saa nane usiku ndiyo mchana, ubongo unasisitiza ni usiku, na wewe katikati.

Boston, Marekani, waliwahi kulijaribu hili kwa watu 19 wenye afya, matokeo yakatoka mwaka 2021. Wote walifanyizwa zamu za usiku za kuigiza, ndani ya maabara. Kundi moja lilikula usiku kama unavyokula wewe, jingine lilikula mchana tu ingawa lilikesha vilevile. Waliokula usiku sukari yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4. Waliokula mchana haikupanda. Kukesha kulekule, chakula kilekile, tofauti ni saa ya kijiko. Ni watu wachache na ni maabara, lakini mimi baada ya kusoma hayo niliacha kabisa wali wa saa saba usiku.

Kuhusu saratani, kwa sababu najua kuna mtu ataileta: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 kwenye kundi la 2A, yaani pengine husababisha saratani, na 2019 likaangalia tena likaiacha palepale. Msikimbie kazi leo. Kundi hilohilo wameweka nyama nyekundu, na sijaona foleni ya muchomo ikipungua. Kundi linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi hatari ina ukubwa gani.

Wakili_wa_Kijiweni

Mnazungumza saa za mwili, mimi nazungumzia za sheria. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki. Hata mkikubaliana kuongeza, isizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Afande zako ni 12 mara 6, ni 72, kabla hujahesabu za kumsubiri mchelewaji.

Askari_wa_Geti (Kireka)

Wakili, nikimpelekea msimamizi karatasi hiyo ataniuliza nataka kuifunga fremu au kuikunja. Kuna vijana kumi wanapita pale getini kila wiki kuulizia nafasi yangu. Nipeni ninachoweza kufanya mwenyewe.

Nesi_Zamu_Ndefu (Jinja)

Sawa, tuache yasiyowezekana. Kwanza kula chakula kikubwa kabla hujaingia, saa kumi na moja jioni. Usiku chukua kitu kidogo tu, na chai ya mwisho iwe saa sita au saba, maana baada ya kama saa tano nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, na wewe unataka kulala saa tatu asubuhi. Mwanzo wa zamu kaa penye mwanga mkali, chini ya taa ya getini si gizani. Mwisho wa zamu geuza: miwani myeusi, kofia, nenda moja kwa moja nyumbani. Usipitie sokoni. Chumba kiwe na giza la pango, ziba hata ule upenyo wa juu ya mlango.

Na siku ya saba usiruke kurudi mchana kwa mkupuo. Lala mpaka saa tano au sita, ukeshe kidogo usiku. Hutakuwa mtu wa usiku kamili wala wa mchana kamili, lakini safari yako ya kila wiki itakuwa fupi, kama kwenda Dubai badala ya China. Mtu wa usiku kamili kwa familia yenye watoto haiwezekani, wala usijaribu, utakuwa mgeni nyumbani kwako.

Na sukari ipimwe tena. Waambie zahanati kwamba unafanya kazi usiku, hawataliuliza wenyewe.

Tanboi_Mstaafu (Malaba)

Nyongeza ya barabarani: nusu saa ya usingizi kabla ya kuanza zamu ni bora kuliko mairungi ya elfu tano. Hili nilijifunza nikiwa nimeshachelewa, nusura niliache gari Mabira.

Mwalimu_wa_Bayo (Arua)

Kwa wanaopenda chanzo cha mambo: jinsi seli inavyohesabu saa iligunduliwa kwa wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Jeni moja inaagiza protini, protini inajaa usiku mpaka inaizima jeni yake yenyewe, mchana protini inaoza, jeni inawaka tena, mzunguko kama saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2017 kwa hilo. Kwa hiyo ule wingu la inzi pale Nakawa sokoni, kila mmoja anatembea na saa. Tena ya bure, haihitaji betri.

Askari_wa_Geti (Kireka)

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu, niliahidi moyoni kuleta mrejesho.

Dirisha nimeligongelea blanketi zito la kijivu, na chini ya mlango nimekunja gunia. Ukiingia mchana huoni mkono wako. Joto lipo, siwezi kudanganya, bati ni bati, lakini nalala mpaka saa tisa, mara moja nilifika saa kumi. Miwani myeusi nimenunua mitumba, wenzangu wa boda wananiita msanii. Chakula kikubwa nakula nyumbani na watoto kabla ya kuingia, na hilo peke yake mke wangu amelipenda kuliko habari zote za ini. Usiku ni njugu kiganjani na ndizi moja. Tabu ipo saa nane, mwenzangu wa geti la pili anafungua maharage yake na upepo unaelekea kwangu.

Kanisani nimehamia ibada ya saa tano. Sukari napima tena mwezi ujao, sitasema kitu kabla. Saa kumi alfajiri bado nasinzia, Tanboi, ila sasa siegemei nguzo, natembea kuzunguka bohari mpaka adhana.

Yule jirani wa njugu nilimfuata nikamweleza. Sasa anatwanga saa tisa unusu, ndiyo kengele yangu ya kuamkia.